Tupeane uzoefu: mnafuma nini mkiwa safarini?

Mleta mada: Wapenzi wa kufuma, habari zenu. Nina safari ndefu, basi usiku kucha halafu ndege. Sweta nililoanza ni la mtu mzima, mgongo peke yake umejaza mfuko. Natafuta kazi ndogo ya kukaa kwenye mkoba. Mnabeba nini? Leteni na yaliyowakuta.

Mama Soksi: Soksi, wala usihangaike. Gramu 100 za uzi mwembamba zinatosha jozi nzima, na mguu ni kuzunguka tu, huhitaji karatasi ya maelekezo.

Bibi Kofia: Soksi kwenye basi linalorukaruka? Zile sindano fupi tano zinachomoka. Moja ikiingia chini ya viti, kwisha habari. Mimi nabeba kofia.

Mama Soksi: Nani kasema lazima ziwe tano? Kuna zile mbili zilizounganishwa kwa waya laini. Waya wa sentimita 80 unafuma soksi na hiyo kofia yako.

Bibi Kofia: Waya nao unajikunja. Kila mtu na mkono wake.

Fuma Taratibu: Mmenikumbusha mbali. Ukaguzi wa uwanja wa ndege, soksi imefika kifundoni, vitanzi 64 viko kwenye sindano za chuma. Afisa akagusa ncha kwa kidole, akasema hizi hazipandi. Nikamweleza kwamba wakati wa kuja niliruhusiwa. Akajibu, "Huko ni huko." Foleni nyuma inanung'unika. Nikatoa sindano butu ya plastiki, nikatunga uzi mweupe, nikaupitisha kitanzi kimoja kimoja huku ya chuma ikichomoka taratibu. Mikono inatetemeka, maana ukiruka kitanzi kimoja kinafumuka mistari yote hadi chini. Yule afisa akaacha kunihimiza, akawa anatazama tu. Nilipofunga fundo akasema, "Haya mama, pita." Sindano zilibaki kwake, soksi ikapanda ndege.

Kitanzi Kimoja: Pole sana mama. Ndiyo maana mimi ni kroshia tu. Kitanzi kilicho wazi ni kimoja, unakibana na pini, basi.

Mama Soksi: Kroshia inakula uzi. Na mada ni ya sindano.

Kitanzi Kimoja: Kaomba kazi ndogo ya mkoba. Soma tena.

Mpenda Shali: Mimi shali ya matundu. Gramu 50 za uzi mwembamba na safari nzima haijaisha.

Bibi Kofia: Matundu ya kuhesabu huku jirani anakupigisha soga? Hapana.

Begi Dogo: Marekani sindano za kufumia zinaruhusiwa kwenye begi la mkononi, mkasi wenyewe makali yasizidi inchi 4, ila afisa ana neno la mwisho. Nchi nyingine zina kanuni zao, uliza shirika la ndege mapema. Chukua sindano za mbao. Na uzi usiwe mweusi, usiku hutaona kitanzi.

Fuma Taratibu: Za mbao naunga mkono kabisa.

Mleta mada: Asanteni, nachukua soksi. Sasa nikifika kisigino katikati ya safari nafanyaje? Lazima nihesabu.

Mama Soksi: Usikiguse. Hamishia vitanzi kwenye uzi kama alivyofanya mama hapo juu, anza mguu wa pili. Visigino vyote utavifuma ukishafika, umekaa mezani na mwanga wa kutosha.