Rejeta mpya imeniulia giaboksi. Tupeane uzoefu wa spea zilizokuja kuua kitu kingine

Habari za jioni wakuu. Nina Noah ya 1999, gari ya familia, miaka yote haijanisumbua. Rejeta ilianza kuvuja kwenye tenki la juu la plastiki, nikashuka maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, nikachukua mpya ya boksi, 190,000. Used ya Japani walinitajia 150,000, nikajiona mjanja kuongeza arobaini nipate mpya. Wiki ya tatu natoka Ubungo kwenda Mbezi, pale pa kupandisha Kimara nakanyaga mafuta, injini inalia, gari haiendi. Nikasingizia foleni. Asubuhi yake naweka D, inakaa kwanza kama inatafakari, halafu inanipiga teke la mgongo.

Fundi akachomoa stiki ya giaboksi, akaifutia kwenye kitambaa cheupe. Oili ya giaboksi (ATF) ikiwa nzima ni nyekundu, inang'aa. Hii ilikuwa nzito, ya pinki, juisi ya pera kabisa. Akafungua mfuniko wa rejeta, mafuta yanaelea. Hakusema kitu, akaenda kunawa mikono. Nikajua yamenikuta.

Kwa msiojua, kama mimi hadi juzi: gari nyingi za otomatiki zina kijirejeta kingine kimefichwa ndani ya tenki la rejeta, oili ya giaboksi inapita humo kupoa. Kikitoboka, maji na oili vinakutana. Pleti za klachi zimebandikwa kitu mfano wa karatasi, na ikilowa maji na kulanti inaanza kubanduka. Giaboksi used nimetajiwa 950,000, ufundi mbali. Nani yamemkuta, na alimalizanaje na mwenye duka?

Mama Wawili, Tabata
Pole sana kaka. Mimi nilirudi dukani na fundi wangu. Muuzaji: "Fundi wako kakaza nati za paipu kupita kiasi." Fundi: "Wewe umeuza feki." Mimi nipo katikati na mtoto mgongoni. Nikasema basi ikatwe hapa hapa. Wakaazima grainda, vumbi na vipande vikaruka mpaka wateja wakasogea. Kijirejeta kilikuwa kimeachia kwenye maungio ya kuchomelea, mbali kabisa na nati. Hela ya rejeta nilirudishiwa kwa sababu risiti ya EFD nilikuwa nayo. Nilipotaja giaboksi akaniambia, "Hiyo mama ni bahati yako." Hapo ndipo yalipoishia.

Gia ya Pili
Mkuu una risiti? Kama ni kile kikaratasi cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", andika maumivu.

Kijana wa Mbagala
Yangu haikuwa rejeta, ni filta ya giaboksi kwenye IST. Kale kampira ka filta mpya kalikuwa kamelegea, pampu ikawa inavuta hewa badala ya oili. Ukiwasha asubuhi inavuma kama feni ya kiwandani. Niliizima siku hiyo hiyo, nikaivuta hadi gereji, kikarudishwa kimpira cha zamani. Imetembea mpaka leo. Ningeing'ang'ania, ningekuwa kwenye kundi lenu.

Mzee wa Spana
Nipo gereji miaka mingi, niwaambie. Rejeta mpya usiifunge bila kuipima. Ziba tundu moja la oili, lingine ingiza upepo wa kompresa, zamisha kwenye beseni kama fundi pancha anavyotafuta tundu. Dakika tano. Wengi hatufanyi kwa sababu mteja amesimama kichwani anauliza "bado tu?"

Na ukiona pinki, zima. Usiseme unaipeleka taratibu. Ukiwahi, kumwaga na kujaza oili mara kadhaa kunaweza kuiokoa, maana ukifungua nati ya chini mara moja haitoki yote, nyingi inabaki ndani ya konveta, lile dude la mviringo kati ya injini na giaboksi. Wiki tatu? Hapana, hiyo nunua nyingine.

Shemeji Tegeta
Tusisingizie feki kila siku. Yangu ilitoboka ile ile iliyokuja na gari kutoka Japani. Mpaka nilipojiuliza nilikuwa najaza nini: maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo hata chai hayafai. Kutu ilikula kimya kimya.

Mwanzisha mada
Nimerudi wakuu. Leo nilikwenda dukani na risiti na ile rejeta. Mwenye duka hakubisha sana, akaniletea nyingine, "hii mkuu ni daraja la kwanza". Boksi lile lile. Nikakumbuka maneno ya Mzee wa Spana. Ng'ambo ya barabara kuna fundi pancha, nikampa buku, tukaizamisha kwenye beseni lake. Mwenye duka naye kavuka kuja kuangalia, mikono nyuma. Upepo ulipoingia tu, vipovu, mstari mmoja mwembamba kutoka pembeni. Akacheka mwenyewe, akaingiza mkono mfukoni, akahesabu 190,000 pale pale. Ya giaboksi hakutaka hata kuisikia.

Nimechukua used ya Japani, nayo imepita beseni. Giaboksi inafungwa Jumamosi, na fundi ataweka kipoza oili cha pembeni, paipu za oili zisipite tena kwenye rejeta. Kwa sasa Noah ipo chini ya mwarobaini, watoto wanaichezea baba na mama.