Watoto hawataki kazi za nyumbani: naomba mistari ya Biblia na ratiba

Njiapanda: Wakuu, salaam. Sisi ni familia ya Kikristo, sala ya jioni haikosi. Shida ni kazi. Kijana wa miaka 12 ukimtuma kuosha vyombo anajivuta mpaka unachoka wewe. Naomba mistari ya kumsomea na ratiba. Kuna hatua nimeshaanza kuchukua, ila matokeo bado.

Kifutio: Mistari haioshi sahani. Mwoneshe: komba mabaki, anza na glasi, kisha vijiko na sahani, masufuria ya mafuta mwisho. Maji yakichafuka, badili. Suuza, panga yakauke. Kwanza atazame, kisha mfanye pamoja, kisha afanye ukiwa pembeni, ndipo umwachie. Wazazi wengi huruka hiyo ya kukaa pembeni, halafu mtoto asiyejua anaitwa mvivu.

Chumvi: Mlipe. Uzi ufungwe.

Nuru: Kutandika kitanda chake mwenyewe alipwe? Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walionesha kwamba watoto wa chekechea waliopenda kuchora, wakiahidiwa zawadi, baadaye hamu yao ya kuchora ilipungua. Lipia kazi za ziada tu, bei ikubaliwe kabla.

Chumvi: Hao walipenda kuchora tangu mwanzo. Masufuria nani anayapenda?

Shemasi: Mwanzo 2:15, Adamu anapewa bustani ailime na kuitunza. Jasho linakuja sura ya 3. Ukigawa kazi kama adhabu kila mtoto anapokosea, umeifundisha Biblia kinyumenyume. Hiyo hatua uliyoanza ni ipi?

Njiapanda: Haina uzito sana.

Shemasi: Itaje.

Njiapanda: 2 Wathesalonike 3:10, asiyefanya kazi asile. Ni chakula cha jioni tu, mchana wanakula vizuri. Hata wa miaka 7 ameanza kuelewa.

Chumvi: Wa 7 katokea wapi? Mwanzo tulikuwa na wa 12. Hii chai, tena haina sukari.

Njiapanda: Si chai. Wako wawili. Aliyelala bila kula ni huyo mdogo, sikuona haja ya kutaja umri.

Chumvi: Bora ingekuwa chai.

Shemasi: Mstari unasema "hataki", na unaofuata unawataja watu walioacha shughuli zao na kujishughulisha na mambo ya wengine. Huyo wa 7 umemweka kundi hilo? Soma Wakolosai 3:21, akina baba wasiwachokoze watoto wakakata tamaa.

Kifutio: Chakula kitoke kwenye adhabu leo hii. Wa miaka 7 apewe kazi moja ya dakika 10 hadi 15, baada ya kula, kabla ya kucheza. Asipomaliza, mchezo unangoja. Sahani ikibaki na mafuta, anarudia hiyo tu. Usiirudie wewe kwa siri amelala. Akigundua, kesho ataosha nusunusu. Na usibadili kazi kila wiki, mkono unakuwa bado haujazoea.

Njiapanda: Nikifuta sheria si watanipanda kichwani? Nimeshaibandika ukutani.

Nuru: Bandua. Waambie wote wawili kabla hamjala: hapa kila mtu anakula na kila mtu ana kazi. Kisha andika na zako kwenye ratiba hiyohiyo.

Njiapanda: Zangu? Mimi ndiye ninayetafuta riziki.

Chumvi: Sahani uliyolia jana kaiosha nani, mkuu?