Naomba ushauri: kakao inagoma kuchanganyika na maziwa ya baridi

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nauza maziwa ya kakao ya baridi hapa Kirumba, Mwanza, kama lita 10 kwa siku. Nikimwaga unga wa kakao kwenye maziwa yaliyotoka kwenye friji, unaelea juu kama pumba, halafu unafanya madonge. Ukilipasua donge kwa kijiko, ndani bado kukavu kabisa! Sukari nayo inabaki chini ya ndoo, wakati sukari hiyohiyo kwenye chai ya moto inapotea mara moja. Maziwa si karibu asilimia 87 ni maji? Ndipo ninapochanganyikiwa.

Nimechekecha unga, nimekoroga mpaka mkono umeuma. Nikichemsha maziwa yote inakubali, ila gesi inakwisha na utando unaganda juu, wateja hawautaki. Na kesho yake kakao imeshuka chini tena.

Naomba kujua: nikikoroga kwanza kakao na sukari kwa maji ya moto kidogo, iwe kama uji mzito, ndipo nimimine maziwa ya baridi, madonge yataisha? Na kuzuia isishuke chini, niweke kornflawa kidogo au kuna kingine mnachotumia?