Mistari ya herufi za Kichina: nikianzia popote kuna shida gani?

MtuWaIsevya (Tabora)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtunza stoo kwenye kambi ya mkandarasi mmoja wa reli hapa Tabora. Bosi wangu ni Mchina, Kiswahili chake kinaishia "haraka haraka", basi tangu masika nikaamua nijifunze mimi lugha yake. Kuongea naenda naenda. Kwenye kuandika ndiko kuna kesi.

Juzi nimeandika 水泥, yaani saruji (ukiitafsiri kipande kwa kipande ni "maji" na "tope", nimeipenda sana hiyo), nikabandika kwenye mlango wa kontena. Bosi akasimama, akalaza kichwa upande, akauliza: "Mu?" Mu ni 木, mti. Akaanza kucheka, akaita na wenzake wawili waje waone kontena la miti. Halafu akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, ananionyesha pa kuanzia.

Sasa swali. Herufi ikishakamilika si ni ile ile? Nani ataona nilianzia wapi? Nikiandika Tabora hakuna anayeniuliza ile T nimetanguliza mstari wa kulala au wa kusimama. Na 火 (moto) mimi naanza na ile miguu miwili, ndipo naweka vidoti vya pembeni. Naambiwa nimegeuza. Hiyo nataka niiweze kweli, maana 火车 ni treni: gari la moto. Sisi wa Tabora tunalo tangu 1912, ila tuliuona moshi, wenzetu wakauona moto.

BintiMwanga (Kigoma)

Mdogo wangu, pole, lakini bosi wako hakukuonea. Nilisoma huko miaka minne, na mwaka wa kwanza niliuliza swali hilo hilo.

Chukua kalamu. 水 inaanza na mstari wa kusimama wa katikati, na chini yake kuna kindoano kinachoelekea kushoto. Si urembo kile. Ni kalamu inaondoka kwenda kuandika upande wa kushoto, ndipo inarudi kumalizia kulia. Jumla mistari minne. 木 nayo ni minne, ila inaanza na wa kulala, kisha wa kusimama, kisha mabawa, kushoto halafu kulia, wala haina ndoano. Wewe nadhani ulianza na mabawa, ukaja kuchoma mti katikati bila ndoano, na mabawa yako ya kushoto na kulia yakagusana juu yakawa kama mstari wa kulala. Hapo hata mimi ningesoma mti.

Na bado hujakutana na mwandiko wa haraka. Mchina akiandika mbio hainui kalamu, kwa hiyo mstari mmoja unaburuta wino hadi unaofuata. Usipojua mfuatano, karatasi yake ya kuagiza vifaa utaiona kama njia ya siafu.

火: vidoti viwili kwanza, kushoto kisha kulia. Miguu inafuata.

Daftari nunua lile la hesabu, la visanduku. Visanduku vinne ni nyumba ya herufi moja, na msalaba wa katikati unakuonyesha kama umepinda. Watoto wa kule wanajifunzia karatasi za namna hiyo, zinaitwa kwa herufi 田, shamba, kwa sababu zinafanana nayo.

Mzee wa Kontena

Mnamtesa kijana bure. Wachina wenyewe siku hizi wanaandika kwa simu, wanagonga matamshi kwa herufi zetu hizi, ukiwapa kalamu wengine wanasahau.

BintiMwanga (Kigoma)

Kweli mzee, lakini simu hizo hizo zina kibodi ya vitufe vitano vya mistari: wa kulala, wa kusimama, unaoanguka kushoto, kidoti na uliokunjwa. Ukikosea mfuatano, herufi haiji.

Kapesa

Angalia pia video unazofuata. Mimi nilijifunza 田 kwa video za Kijapani: ndani ya boksi wanatanguliza wa kusimama. China wanatanguliza wa kulala. Nilibishana na mwalimu wiki nzima, kumbe kila mtu na nchi yake.

MtuWaIsevya (Tabora)

Dada, daftari nimenunua. Nimejaza kurasa mbili za 水, na ile ndoano kweli inakupeleka yenyewe. Kesho nabadilisha karatasi ya kontena. Ila 泥 ina mistari minane, naanzia wapi?

BintiMwanga (Kigoma)

Kushoto, yale matone matatu, juu kwenda chini. Kisha 尼 ya kulia, ni ile ile iliyomo kwenye jina la nchi yako, 坦桑尼亚. Na tone la tatu usilidondoshe, livute kwenda juu.