INVICTUS SIO YA MANDELA, acheni kumpa shairi la watu!

Wakuu nimevurugwa, mnivumilie. Kuna motivesheno spika mmoja (simtaji) klipu yake inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, anasoma lile shairi la "mimi ndiye nahodha wa roho yangu", kinanda kinalia kwa nyuma, halafu anasema bila hata aibu eti Mzee Mandela alilitunga akiwa Robben Island. Na kachapisha fulana kabisa, chini jina la Mandela, na watu wananunua!

Mandela kazaliwa 1918. Shairi limetoka kitabuni 1888, na mtunzi mwenyewe, Mwingereza William Ernest Henley, kafariki 1903. Sasa Mandela alilitungia wapi, tumboni kwa mama yake? Tena hata hilo jina Invictus Henley hakuliweka, lilibandikwa 1900 na mhariri Quiller-Couch alipoliingiza kwenye mkusanyiko wake wa mashairi.

Sikatai, Mandela alilipenda na alikuwa akiwaghania wafungwa wenzake kule kisiwani. Ila ile filamu ya Invictus ya 2009 ndo imezidi kuharibu, inaonyesha Mandela anampa Pienaar, kepteni wa raga wa Afrika Kusini, shairi hili kabla ya Kombe la Dunia la 1995, wakati kiukweli alimpa kipande cha hotuba ya 1910 ya Theodore Roosevelt, aliyewahi kuwa rais wa Marekani.

Mtasema jina tu hilo, linakuuma nini. Linaniuma kwa sababu mimi nilikatwa mguu baada ya ajali ya boda, na wodini nilikuwa sitaki kuongea na mtu, hata bimkubwa akija nageukia ukutani. Mshkaji wangu ndo akanitumia hili shairi pamoja na habari za Henley, kwamba TB ya mifupa ilimshika toka utotoni, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti, madaktari wakataka kuondoa na wa pili, jamaa akagoma akaenda zake Edinburgh kwa Joseph Lister, yule daktari aliyeanzisha kusafisha vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu, akalazwa kuanzia 1873 mpaka 1875 na mguu ukapona. Shairi limetoka kwenye kile kitanda! Nilivyofika pale anaposema kichwa kinavuja damu ila hakijainama nikasema huyu ananijua, huyu anajua bandeji inavyobanduliwa asubuhi.

Sasa mkimfuta Henley mnafuta na mguu wake, mnabaki na maneno ya kubandika kwenye vioo vya daladala. Mandela ana maneno yake mwenyewe kibao, chukueni ile kauli yake ya mahakamani 1964 mchapishe fulana mpaka mchoke.

Nilimkomentia yule spika kistaarabu kabisa, nikamwekea na miaka yote. Kanijibu "kaka ujumbe ndo muhimu, punguza negativiti", halafu kanibloku. Fulana bado anauza.