Mjadala: SHA ilipie apu za matibabu, ama pesa iende kwa wahudumu kwanza?

Hii maneno imeanza kuongelewa sana na nataka tuijadili bila matusi. Kuna matibabu siku hizi ambayo dawa yenyewe ni programu ya simu. Siongelei zile za kuhesabu hatua. Hii daktari anakuandikia kama vile angekuandikia tembe, unaiweka kwa simu, wiki kadhaa unafanya masomo na mazoezi ya kupunguza wasiwasi ama kupata usingizi ama kuacha madawa ya kulevya, na inafaa iwe imepimwa kwa utafiti kama dawa nyingine yoyote. Sasa, kwa vile tunakatwa 2.75% ya mshahara kila mwezi kwenda SHA, yaani bima ya afya ya serikali, hizi apu ziingizwe kwa vitu ambavyo SHA inalipia ama zisiingizwe?

Mimi nasema ziingizwe, lakini ni zile tu ambazo kuna mhudumu analipwa kumjibu mgonjwa akisema ana shida. Apu ikija peke yake isilipiwe hata shilingi.

Na sisemi hivi kwa kuogopa teknolojia. Hapa Nairobi tulifanya hii kitu kabla wengi wetu hatujashika simu ya kugusa. Kulikuwa na utafiti wa WelTel, watu 538 waliokuwa wanaanza ARV kwa kliniki tatu, moja ikiwa Pumwani na nyingine huko Kajiado. Nusu yao walikuwa wanatumiwa SMS moja kila wiki: "Mambo?" Basi. Unajibu "Sawa" ama "Shida" ndani ya masaa 48, hata kwa simu ndogo ya kabambe, na ukisema shida ama ukinyamaza, mhudumu wa kliniki anakupigia. Matokeo yalitoka kwa jarida la Lancet mwaka 2010: waliokuwa wanameza dawa vizuri walikuwa 62% kwa wale wa SMS na 50% kwa wale wengine, na waliodhibiti virusi 57% kwa 48%. Sasa hebu toa yule wa kupiga simu uniambie inabaki nini. Inabaki mesej kama zile za kubeti zinakuingilia asubuhi.

Kuna mama kwa ploti yetu Kariobangi South ana presha, na aliwekewa apu ya kumkumbusha dawa. Jioni simu inashikwa na kijana wake. Apu ikiuliza saa mbili usiku kama mama amekunywa dawa, kijana anabonyeza "ndio" haraka ili itoke kwa skrini aendelee kuangalia mpira, kwa hivyo kwa rekodi ya hao wenye apu huyu mama hajawahi kuruka dawa hata siku moja. Sasa siku moja yule CHP, mhudumu wa afya wa mtaa, akapita na mashine yake, akampima, ikasoma 178 kwa 104. Akaomba kuona dawa. Kumbe mama anakunywa leo anaruka kesho ili zifike mwisho wa mwezi, na alikuwa ameona aibu kusema kliniki. Hakuna mahali kwa hiyo apu palikuwa pa kuandika "sina pesa ya dawa", na hiyo ndiyo ilikuwa shida yote. Mimi hii kitu iliniuma sana.

Wale wanasema tufuate nchi zilizoendelea, sawa, tuangalie basi. Marekani, kampuni ya Pear Therapeutics ilipata kibali cha FDA, wale wanaoidhinisha dawa huko, 2017 kwa apu inaitwa reSET, ya watu wanaotibiwa uraibu, na ilikuwa itumike pamoja na matibabu ya kliniki. Kibali kilipatikana lakini bima nyingi zikakataa kulipa, na Aprili 2023 kampuni ikafilisika, mali ikauzwa karibu dola milioni 6. Ujerumani nao walipitisha sheria 2019 kwamba daktari akiandika apu iliyo kwa orodha yao, bima ya umma inalipa. Apu inaweza kuingia kwa muda huku mwenyewe akitafuta ushahidi kwamba inasaidia, na akikosa, inaondolewa. Hiyo ya kuondolewa naipenda sana. Lakini mwaka wa kwanza bei anaipanga mwenye apu mwenyewe, na hapo ndio nasema hapana kabisa, sisi hatuwezi kulipia majaribio ya mtu kwa bei yake wakati kuna mgonjwa ametoka kaunti nyingine kuja hospitali ya akili ya Mathari kutafuta daktari.

NYONGEZA, kwa wale wamenijibu:

Ndugu uliyesema watu ni gharama na apu ni bei rahisi. Wale CHP zaidi ya 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023, wakapewa mkoba wenye mashine ya presha, ya sukari na simu, wanafaa kupata shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, na hata hiyo inachelewa. Hiyo ndiyo gharama unaniambia ni kubwa? Mimi naona hao ndio wangeshika hizi apu wakizunguka nazo mtaani, walipwe vizuri na kwa wakati.

Dada muuguzi uliyenikumbusha kwamba utafiti wa pili wa WelTel, huko Kibera, uliotoka 2018, haukuonyesha tofauti kwa watu kubaki kwenye kliniki mwaka wa kwanza: ni kweli kabisa na asante. Ndio maana nasema kila apu ipimwe hapa kwetu kwa ugonjwa wake, kwa sababu hata ile yenye mtu wa kupiga simu inaweza kusaidia upande mmoja na ikose upande mwingine. Sitaki pesa ya SHA iende kwa sababu kitu kilifanya kazi Berlin.

Na aliyeuliza kuhusu siri za mgonjwa, hapo tuko pamoja. Tuko na sheria ya data ya 2019 na ile ya afya ya kidijitali ya 2023, lakini mwaka huo huo wa 2023 watu walipiga foleni KICC kupigwa picha ya macho na Worldcoin, ile kampuni ya sarafu ya kidijitali, wapate pesa kidogo, serikali ikaja kusimamisha wakati wengi wameshapigwa. Apu ya uraibu inajua ulikunywa lini na ukalia lini, sasa kama kampuni ikifilisika kama ile ya Marekani, hiyo rekodi inauzwa na meza na viti? Mkataba wa SHA useme hiyo wazi kabla mtu yeyote hajalipwa.

Sasa nyinyi mko kliniki za presha na sukari huku Eastlands, hebu niambieni: mgonjwa akijibu "Shida" saa nne asubuhi na foleni imefika geti, ni nani ataachwa huru kumpigia?