Mamboleo hadi Russia mara mbili kwa wiki: teksi ya mtandao, ya stendi au tuktuk?

Nyar_Mamboleo
Wadau wa Kisumu, hamjambo. Tunakaa Mamboleo, na Baba ameanza kusafishwa figo pale hospitali ya Jaramogi, tunayoiita Russia, Jumatatu na Alhamisi. Anaingia saa moja asubuhi, anatoka mchana akiwa hoi, na hawezi kusimama langoni juani akingoja gari. Teksi za mtandao nimezijaribu. Kwenda ni raha, kurudi ni vituko: dereva anakubali safari, kisha anapiga simu, "Unaenda wapi? Unalipa keshi ama kwa programu?" Nikisema kwa programu, safari inafutwa. Teksi ya stendi nayo inaniomba karibu mara mbili ya ile bei. Mnaosafirisha wagonjwa au wazee mnafanyaje? Naomba majibu ya watu wanaotumia, si matangazo.

Omera_wa_Kibuye
Tuktuk, dada. Tafuta mwenyewe unayemjua, weka mto nyuma, mambo yaishe.

Nyar_Mamboleo
Mto utamzuia kurushwa kwenye matuta, ndugu yangu? Na mvua ikishuka, lile turubai la pembeni linapepea tu huku mtu analowa. Ana sindano mkononi mara mbili kwa wiki, ule mkono sitaki hata uguswe.

UsukaniNiWangu
Pole kwa mzee. Mimi naendesha ya mtandao na gari si langu, basi nikueleze kwa nini tunauliza keshi. Ukilipa kwa programu, ile pesa hainifikii papo hapo, na mafuta nanunua sasa hivi. Jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, hajali kampuni imelipa lini.

Jambo la pili ni umbali ambao abiria hauoni. Niko karibu na jengo la maduka la West End, wewe uko Russia. Kukufuata hadi hapo hakuna anayenilipa. Nikikushusha Mamboleo, kurudi pia ni kwangu isipokuwa nibahatike. Safari yako kwenye simu ni fupi, kwenye geji yangu ya mafuta ni ndefu.

Na tafadhali msiseme serikali ilishatuokoa na ile kanuni kwamba kampuni isikate zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Chukueni karatasi. Zamani nauli ikiwa 300, kampuni ikikata asilimia 25, nabaki na 225. Leo kampuni ikikata 18 tu lakini imeshusha nauli hadi 250 ili iwavute abiria, nabaki na 205. Makato yamepungua, na mfukoni pia pamepungua. Hapo bado sijatoa mafuta, hesabu, kuosha gari na bando.

Zamu_ya_Usiku
Naelewa, kaka, lakini abiria naye ana haki yake. Ulipokubali safari uliona njia ya malipo au hukuiona?

UsukaniNiWangu
Inategemea programu. Nyingine inaonyesha, nyingine unagundua ukishakubali. Ila nakubali, kumwacha mgonjwa langoni ni tabia mbaya. Wapo wenzetu wanaofanya hivyo.

Stendi_Yangu_Mjini
Binti yangu, mimi nimeendesha teksi ya mstari wa njano kabla ya hizi simu kujua njia. Watu wanasema stendi ni wezi. Sawa, tuhesabu basi.

Bei ninayokuambia ina kwenda na kurudi ndani yake, kwa sababu mimi narudi kwenye foleni yangu, sizunguki nikiokota abiria. Pale ninaposimama nalipa ada ya kaunti, nimsafirishe mtu au nishinde nikisoma gazeti. Kijana wa mtandao anaegesha nje ya supamaketi, hana foleni, hana ada ya stendi, na anachukua mteja aliyekuwa anakuja kwangu. Tukilalamika tunaambiwa hatutaki maendeleo. Mwaka wa 2016 kule Nairobi watu walishambulia na kuchoma magari ya Uber. Sikuunga mkono wala siungi mkono, kijana mwenye mkopo wa gari hakunikosea. Lakini kile kinyongo nilikielewa.

Sasa jambo lako. Nikipangiwa Jumatatu na Alhamisi kwa mwezi mzima, bei siyo ile ya mtu aliyeshuka kwenye basi na begi. Huyo simjui, wewe nakujua. Ulipouliza bei, uliuliza ya safari moja au ya mwezi?

Nyar_Mamboleo
Ya safari moja, mzee wangu.

Stendi_Yangu_Mjini
Basi rudi ukaulize tena.

Kanuni_Kwanza
Naona kila mtu anasema "serikali" kana kwamba ni mtu mmoja. Hapa ziko mbili, na ugomvi mwingi unatokea katikati yao.

Leseni ya kampuni na ya dereva ni mambo ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya serikali kuu. Kanuni za mwaka 2022 za kampuni za teksi za mtandao zinataka kampuni iwe na leseni, na ndizo zilizoweka kikomo cha makato cha asilimia 18. Uber ilikwenda mahakamani kuzipinga. Oktoba 2023 NTSA ilisita kuipa Bolt leseni mpya hadi malalamiko ya madereva kuhusu makato yashughulikiwe. Kwa hiyo msiseme hakuna anayefuatilia.

Stendi na maegesho ni ya kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti usafiri wa umma barabarani, trafiki na maegesho. Ada ya mzee wa stendi inatoka huko. Gari la mtandao halina stendi, basi kwa kaunti ni kama gari la mtu aliyekuja kununua mkate.

Kilichobaki katikati ni nauli yenyewe. Kanuni zimebana mgao wa kampuni, hazikuweka nauli ya chini. Ndiyo maana hesabu ya UsukaniNiWangu inatoka vile. Madereva waligoma 2018 kwa sababu ya nauli ndogo, na 2024 wengine wakaanza kubandika orodha zao za bei ndani ya magari na kumwambia abiria asahau ile ya simu. Abiria akajikuta ana bei mbili kwa safari moja. Kwa maoni yangu, mpaka nauli ijadiliwe waziwazi, kufutiwa safari kutaendelea, hata makato yashuke hadi asilimia 10.

Ng'ambo_ya_Ziwa
Salamu kutoka Mwanza. Sisi tulijaribu njia hiyo unayoitaka, ndugu Kanuni. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu ya Tanzania, ilipanga nauli na ikaweka kikomo cha kamisheni cha asilimia 15. Aprili mwaka huohuo Uber ikasitisha huduma nchini. Ilirudi Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Mamlaka ikibana sana kampuni inafunga virago, ikilegeza dereva analia. Huku wengi wetu tulirudi kwenye bajaji na namba ya simu ya dereva tunayemfahamu, na maisha yakaenda.

Kanuni_Kwanza
Asante kwa mfano huo. Lakini angalia, kampuni ilirudi. Soko halikufa.

Ng'ambo_ya_Ziwa
Ilirudi kwa masharti ambayo ingeyakubali tangu mwanzo. Nani alishinda hapo?

Zamu_ya_Usiku
Mmeanza siasa, mgonjwa bado yuko langoni.

Mimi ni muuguzi, natoka kazini usiku. Kwangu mtandao unashinda stendi na tuktuk, wala si kwa sababu ya bei. Dada yangu nyumbani anafuata gari kwenye ramani mpaka nifike, na safari inabaki kwenye kumbukumbu. Teksi ya barabarani saa sita usiku, nani anajua niliingia gari gani? Sharti langu ni moja: nambari ya gari na sura ya dereva zilingane na zilizo kwenye simu. Kuna akaunti za kukodi. Unaona picha ya mtu mzima mwenye ndevu, anakuja kijana asiye na hata unywele kidevuni, anasema "huyo ni ndugu yangu." Hapo siingii, hata mvua inyeshe vipi.

Lakini kwa mgonjwa wa kila wiki, dada, sikushauri mtandao. Kusafisha figo hakuna saa kamili ya kutoka. Presha ikishuka anakaa zaidi. Unahitaji dereva atakayengoja, na programu haikuundwa kumngojea mtu.

Omera_wa_Kibuye
Hata maandamano yakianza Kondele, programu inasema "hakuna gari." Mtu wako unayemjua anakwambia leo tutoke saa kumi na moja alfajiri kabla hakujachafuka.

Stendi_Yangu_Mjini
Huyu wa tuktuk leo ameongea maneno.

Nyar_Mamboleo
Asanteni, ero kamano. Basi nimwombe UsukaniNiWangu au mtu kama yeye aje nje ya programu, tukubaliane ya mwezi?

Kanuni_Kwanza
Unaweza, lakini usikubali kabla ya kuangalia bima. Gari la kubeba abiria kwa malipo linatakiwa liwe na bima ya PSV. Likiwa na bima ya gari la binafsi na ajali ikatokea, kampuni ya bima inaweza kukataa madai, na mwenye kuumia ni baba yako. Dereva naye awe na leseni ya PSV. Mwombe akuonyeshe vyote viwili mkiwa mmesimama, kabla mzee hajaingia garini. Wa stendi pia umwombe, mstari wa njano si bima.

Stendi_Yangu_Mjini
Yangu iko kioo cha mbele, njoo usome.

UsukaniNiWangu
Yangu ya PSV ipo, naikata ya mwezi kwa mwezi, kwa hiyo angalia na tarehe. Mimi safari za asubuhi naweza, mchana sikuahidi kwa sababu hesabu ya tajiri huipata saa hizo. Mzee wa stendi akichukua za kurudi na kungoja, mimi nichukue za kwenda, utakuwa umelipa kidogo kuliko kumkodi mmoja siku nzima. Na bei tusiifunge leo. EPRA, mamlaka ya nishati, inatangaza bei ya mafuta tarehe 14, tuonane tarehe 15.

Stendi_Yangu_Mjini
Mimi sina neno. Ila asubuhi usichelewe, kijana. Mashine hospitalini ina mtu mwingine wa saa tano.